Nepi Kwenye Waya wa Mkonge

Kambi ya mkonge, Voi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko Chawia pamoja na baridi yenu, ambayo huku tunaikumbuka kwa jina tu. Kifua chako kimetulia? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Dada Mshai, wewe unayemsomea mama barua hii, usiruke mahali, hata pale ninapojisema vibaya.

Mimi nipo. Mume wangu yupo, bado anasukuma troli za mkonge. Nikisema nipo, mama, ndivyo hivyo tu. Nikiamka naenda kuanika mkonge, nikirudi napika, nikilala sijui kama nimelala. Tangu nijifungue sina furaha wala huzuni. Wenzangu wakicheka nami nacheka, halafu nanyamaza wanaponyamaza.

Ndiyo sababu katika barua iliyopita nilikuomba uje umchukue Saru. Nilisema ni kwa ajili ya vile vipele vya nepi. Haikuwa hiyo peke yake. Mtoto alikuwa akilia, nami namtazama, sisikii kitu moyoni. Niliona aibu kukueleza, maana amebeba jina lako.

Vipele vyenyewe vilianza mapajani, vikapanda hadi kinenani, ngozi ikawa nyekundu na kuchubuka. Kila nilipomfunga nepi alikakamaa mwili mzima. Nilimpaka yale mafuta ya nyonyo uliyotuma kwenye kibuyu, asubuhi na jioni. Hayakusaidia. Jirani mmoja akanishauri nimpake unga wa mahindi ili pakauke. Unga ukaloa mkojo, ukawa ugali kwenye mikunjo ya mapaja, na hali ikazidi. Wewe ukaniandikia kwamba labda simpaki mafuta. Nilimpaka, mama.

Jumatatu Mama Zuhura akaingia bila hata hodi. Huyu ni mama wa Kiislamu kutoka upande wa Taveta, chumba chake kimepakana na changu, na ndiye anayenishikia Saru nikiwa kazini. Amelea watoto sita hapa kambini.

"Mama Saru, mtoto akiwa kwangu mchana nikimwacha wazi ananyamaza. Ukimfunga tu, kelele. Hizi nepi unaanika wapi?"

"Kule uwanjani, kwenye waya. Nikianika mkonge naanika nazo hapo hapo. Zinakauka upesi."

Alichukua nepi moja safi, akaipitisha chini ya kiwiko chake, pale ngozi ilipo laini. Punde akaanza kujikuna.

"Na wewe hujasikia hii kitu inawasha?"

Niliishika kwa viganja vyote viwili. Sikusikia. Viganja vyangu siku hizi ni vigumu kama kwato, hata mwiba nauona kwa macho kwanza.

"Mkonge mbichi unadondosha maji yake," akasema, "na zile nyuzi ndogo zinaingia kwa nguo. Wewe ukitoka kazini si unakimbilia kuoga? Sasa mtoto unamfunga huo mkonge, tena mahali panapoloa kila saa!"

Mama, hilo ni kosa la mtu wa milimani. Kwetu nguo huanikwa popote penye jua, juu ya majani, juu ya ua. Nilipokuja huku nikaona waya mrefu na jua kali, nikamshukuru Mungu. Wenyeji wa kambi hawaaniki nguo hapo, na hawakudhani kuna mtu wa kuambiwa. Miezi miwili nimemfunga mwanangu kitu kinachonifanya mimi mtu mzima nijikune. Hapo nilistahili kulia. Sikulia. Niliuliza tu nifanye nini.

Tulichemsha nepi zote, tukazisuuza mara tatu, ingawa maji ya bomba huku ni ya foleni, kisha tukazianika kwenye kamba mlangoni. Saru namwosha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, namkausha kwa kumgusagusa wala simsugui, halafu namwacha wazi apigwe na hewa. Ndipo nampaka mafuta yako, kidogo tu. Nepi ikiloa siingojei. Maji ya kumwosha nayapima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja kingenidanganya nikamchoma. Mama Zuhura alinionya nikiona usaha, au mwili ukichemka, niachane na mafuta nikimbilie zahanati. Hatukufika huko. Kwa hiyo mafuta yako hayakuwa na kosa, unaweza kuwatangazia wote.

Jana baada ya kazi nilikaa mlangoni, Saru yuko uchi mapajani pangu. Wekundu umebaki kidogo. Nilikuwa natazama tu mbele, siwazi lolote. Akakojoa. Mkojo ukapenya kanga, wa moto, ukanifikia mwilini, nami nikausikia. Mama, niliusikia! Nilipomtazama, naye alikuwa ananitazama, halii, anapiga mateke. Nilikaa hivyo hivyo hadi kanga ikapoa.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Leo nimeamka mzito vilevile. Lakini nilimfungua nepi mwenyewe kabla hajalia.

Nisalimie baba, na umwambie asikwee mipera na mguu ule mbovu. Msalimie shangazi anayekaa karibu na kanisa, na mke wa kaka. Mume wangu anakuamkia na kukuomba ndizi. Mama Zuhura naye anataka mafuta ya nyonyo, tena kibuyu kikubwa, si kile ulichonipimia mimi.

Jumamosi uje, mama, kama tulivyopatana. Ile mbeleko uliyotafuta ya kumbebea Saru kwenda Chawia, iache nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Wakesho, mama yake Saru