Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yamepunguza ubishi. Mjomba na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama ana mafua kidogo, ila sauti ya kutugombeza haijapungua.

Baba amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Usishtuke, umekwenda vizuri. Daktari amemkataza kusoma na kutazama televisheni kwa wiki tatu, na wewe unamjua kaka yako: mtu aliyetengeneza lifti miaka thelathini hawezi kukaa kitako bila kitu cha kukosoa. Nikajitolea kumsomea riwaya.

Nazitoa kazini. Pale ninapojalidi vitabu, tunaruhusiwa kuchukua nakala zilizoharibika. Baba alikunja uso, akasema hizo ni porojo za watu wasio na kazi. Ya kwanza ilikuwa na wapenzi walionaswa ndani ya lifti iliyokatika kamba. Alinikatiza, akanieleza nusu saa nzima kwamba breki ingeshika kabla hawajamaliza kupiga kelele. Kesho yake, hata viatu sijavua, akaniuliza kama wale wajinga wameshatoka.

Mimi nilizoea kusoma mbiombio, naruka maelezo nifike kwenye mapenzi. Ukimsomea mtu kwa sauti huwezi kuruka. Sasa naona kwamba pale mtu anapomenya viazi tu, au kufunga dirisha, ndipo mwandishi alipoweka huzuni yake. Sijui nimepitwa na mangapi.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Ni ya kaka na dada walioacha kusemezana kwa sababu ya neno moja lililotamkwa msibani. Nilipofika hapo niliacha kusoma. Nilikumbuka siku ulipofika umechelewa maziko ya Bibi, na Baba akakuambia mbele za watu kwamba umekuja kusalimia kaburi. Miaka tisa sasa. Nikataka kufunga kitabu, nisingizie koo. Baba akaniambia niendelee.

Nakala yetu, kumbe, haikuwa na kurasa kumi na sita za mwisho. Baba akaimalizia mwenyewe: kaka anapanda basi, anagonga mlango wa dada yake, anakaribishwa chai, na habari za msiba hazitajwi tena. Alifurahi sana na mwisho wake.

Jumatano nikapata nakala kamili. Humo kaka anafika, na jirani anamwambia kwamba dada yake alizikwa mwezi uliopita. Nilisoma kwa sauti ndogo. Baba aliiacha chai yake ikapoa.

"Mwisho wangu ulikuwa wa mwoga," akasema. "Yule kaka alipaswa kuomba radhi palepale mlangoni, kabla ya hiyo chai."

Shangazi, sijawahi kuogopa kuharibu kitu kwa kufungua mdomo kama siku ile. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nitafute kalamu. Nayaandika maneno yake kama yalivyomtoka:

"Mdogo wangu, neno lile lilikuwa baya, na halikuwa kweli. Ulisafiri siku mbili kuja kumlilia mama yetu, nami nikakufungia mlango. Nisamehe."

Kisha akaongeza, "Mwambie asiisome peke yake. Nilimvunjia heshima mbele za watu, basi na radhi yangu isikike mbele za watu."

Kwa hiyo tafadhali, waite Mjomba na watoto, uisome kwa sauti.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu, fundi redio wetu, anauliza utakuja lini. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na habari njema.

Sahihi iliyopanda juu ya mstari ni ya Baba. Nilitaka kumshika mkono, akakataa.

Mimi ninayekupenda bila kuchoka,
binti wa kaka yako, Kasuku.

Na mimi,
kaka yako.