Nati Zilizokazwa Gari Likiwa Juu

Voi,
Jumapili, mwezi wa Agosti, 1957

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na natumaini barua hii itawakuta wote wazima hapo Pangani. Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza kisimani? Na shemeji, kile kikohozi bado kinamwamsha usiku? Mimi mwili wangu ni mzima, sina homa wala jeraha. Hilo nalisema mapema ili usihangaike. Kilichonizuia kujibu barua yako si ugonjwa. Ni aibu, na sikuona mtu mwingine wa kumwandikia ila wewe uliyenilea.

Utakumbuka nilikuandikia kwamba hapa Voi nakaa kwa Mzee Maghanga, Mtaita wa Ronge, dereva wa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge ambaye watu wanamwita Bwana Kofia. Mzee amenipa chumba cha uani. Yeye na mkewe, Mama Wakesho, ni Wakristo, lakini tangu siku ya kwanza hawajaniacha nile peke yangu. Mama Wakesho akitaka kupika kuku, humtia kwapani akavuka reli naye hadi msikitini akachinjwe huko, ili nami nisikose. Mara moja nilimwambia asijisumbue. Akanijibu, "Sasa wewe Mpangani, sisi tule nyama na wewe unatutazama, hiyo nyama itashuka kooni?" Basi nikawa nakula nao mkekani, sinia moja, kama mtoto wa nyumba.

Bwana Kofia ana gari la zamani, la ile aina ya kukimbia, lenye milango minne, pua ndefu na tumbo karibu na ardhi. Barabara zetu za huku zilikuwa zimelimaliza mbele. Likipita kwenye matuta liligonga kama mtu aliyebeba sufuria ndani ya gunia, na usukani ulicheza mkononi. Mzee Maghanga alilileta mwenyewe gerejini kwetu, akamwambia tajiri wangu Kalasinga mbele ya mafundi wote, "Hili apewe Mpangani wangu. Huyu amesoma mpaka sekondari, hafanyi kazi ya kubahatisha."

Nilifurahi mno, dada. Nikaifanya kazi ile kwa utaratibu kama unavyonijua. Nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya magogo, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Nikafungua springi zilizochoka, nikatoa shokomzoba zilizovuja mafuta, zile zinazozuia gari lisirukeruke, kisha bushi zote. Bushi ni kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati. Hukaa kwenye kiungo cha mkono unaoshika gurudumu, kama gegedu la goti. Vipuri vipya vilitoka Mombasa kwa treni. Nilivipanga juu ya gunia jinsi vitakavyorudi, nikasafisha kila shimo kwa mafuta ya taa, nikavitia, nikakaza nati zote palepale gari likiwa juu, maana hapo spana inaingia vizuri na mtu hafanyi kazi amejikunja. Kisha nikalishusha. Shajara yangu ya siku ile ina neno moja tu: Safi.

Mzee Maghanga alilizungusha mjini akarudi anacheka. "Mpangani, umenirudishia ujana! Gari halisemi hata neno!"

Siku chache baadaye alitumwa Taveta, peke yake, akamchukue Bwana Kofia. Kwenye tambarare kupita Maktau gari likavutwa upande mmoja, usukani ukamkataa, akaingia kwenye miiba na kugonga kichuguu. Mungu alimwokoa, alipasuka mdomo tu. Bwana Kofia hakuuliza mengi. "Ulikuwa unakimbiza?" Na Mzee Maghanga, kwa ukweli wake, akamjibu, "Ndiyo, Bwana. Kidogo." Akaachishwa kazi papo hapo.

Gari lilivutwa kwa lori hadi gerejini, nami nikapewa nilifungue. Nilipochomoa bushi ya kwanza nikaona mpira umechanika huku umesokotwa, kama nguo iliyokamuliwa. Ya pili vilevile. Zote vilevile, zimesokotwa upande uleule. Nikakaa chini. Dada, mbio hazifanyi hivyo. Nati ikishakazwa, lile bomba la katikati hushikwa lisigeuke, na mpira ndio unaojipinda gari linapopanda na kushuka. Mimi nilikaza magurudumu yakining'inia. Nilipolishusha gari, kila mpira ulijisokota kabla halijaondoka hata mlangoni, ukabaki umejisokota, na matuta yakamaliza kazi. Ilinipasa nilishushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo nikaze. Hayo sikuambiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeyaona. Kalasinga alipita akasema, "Huyo dereva amekimbiza sana," akaenda zake. Nikazifunga zile bushi kwenye kitambaa, nikazisukuma chini ya sanduku la spana.

Jioni ile nilikwenda kula. Dada, hapo ndipo aibu yangu ilipo, wala si kwenye nati. Nilinawa, nikaketi, nikala. Kesho yake nikala tena. Jirani mmoja, mfanyakazi wa reli, alikuwa akipita mlangoni kila jioni kumchokoza Mzee: "Ee Maghanga, ulidhani umepewa treni? Hata treni husimama Maktau!" Mzee alicheka naye, huku ameushika mdomo wake ulioshonwa. Mama Wakesho hakucheka. Alikuwa ameanza kufunga vyombo, kwa kuwa walipanga kurudi Ronge wakalime, na binti yao Wakesho aiache shule ya hapa. Na Mzee akawa anarudia yaleyale: "Nilijua lile gari ni zee. Lakini lilikaa vizuri barabarani hata nikasahau. Kosa ni langu." Kila aliposema hivyo mimi niliutazama ugali. Nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia pia kwamba wakihama nitakosa pa kukaa, na kwamba Kalasinga atanifukuza. Shajara yangu, ambayo unajua siiachi hata nikiugua, siku hizo zote haina kitu.

Alhamisi iliyopita Mzee alikwenda kwa Bwana Kofia kuchukua koti lake na vitu vyake vidogo vidogo. Akarudi tukiwa tumekwisha kukaa mkekani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi.

"Mpangani, nimekuokolea kazi. Bwana alitaka gari lake lipelekwe Mombasa. Nikamwambia, Bwana, nifukuze mimi, lakini fundi yule hana kosa. Mpe tena alitengeneze."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nikalirudisha siniani, jambo ulilonikataza tangu utotoni, nikasema yote.

Mzee hakunielewa mara moja. "Unasema sikukimbiza?"

"Ulikimbiza, Mzee. Lakini hata ungetambaa, zingekatika."

Akaugusa mdomo wake. Kisha akasema polepole, "Na mimi nimekuwa nikiomba msamaha kanisani kwa ajili ya hilo gari."

Mama Wakesho ndiye aliyeuliza. "Ulijua lini?"

Nikamwambia: tangu siku gari lilipovutwa.

"Kukosea chuma, mtu hukosea," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unakula. Kila jioni ulikuwa hapa unakula, na huyu anakwambia kosa ni lake." Akaondoa sinia.

Ijumaa asubuhi nilizitoa zile bushi nikampelekea Kalasinga. Alinitukana kwa Kipunjabi, aliponiona simwelewi akanitukana kwa Kiswahili, kisha akasema nitalitengeneza gari upya nje ya saa zangu za kazi. Kutoka hapo nikaenda kwa Bwana Kofia. Alizigeuzageuza bushi mkononi bila kunikaribisha barazani. Mwishowe akasema Maghanga arudi kazini Jumatatu, na kwamba nikishamaliza kazi hii hataki nishike gari lake tena. Yote mawili niliona ni haki.

Jana baada ya kazi, bushi mpya zilipofika kwa treni, nililitengeneza. Mzee Maghanga alikuja bila kuitwa. Nilipolishusha gari chini kabla ya kukaza, alifungua mlango akaketi kwenye kiti chake cha dereva, akapakata koti lake. "Haya, sasa uzito umetimia," akasema. "Kaza." Nikalala chini ya gari nikakaza nimejikunja, vumbi likiniingia machoni, naye juu yangu akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Tulipomaliza alilizungusha mjini kama mara ile, akarudi, akanishukuru. Lakini hakuniita Mpangani wangu. Aliniita fundi.

Vyombo vyao vimefunguliwa, Wakesho ameendelea na shule, na kesho Mzee anarudi kazini. Kwa hayo namshukuru Mungu. Ila mimi, tangu Alhamisi, siitwi mkekani. Wakesho huniletea chakula mlangoni kwa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Hubisha, huweka, huenda zake. Nilidhani kitapungua. Hakipungui. Leo asubuhi, walipotoka kanisani, nilikuwa uani nikifua, nikamwona Mama Wakesho akivuka reli na kuku kwapani, anaelekea msikitini. Nikaiacha nguo ndani ya maji, nikaingia ndani na kufunga mlango. Afadhali angeniacha na njaa.

Wewe ulitulea, dada, tusirudishe chombo cha mtu kikiwa kitupu. Mimi tangu Alhamisi nimekuwa nikiziosha sahani zake na kuziweka kizingitini hivihivi, kama mtu asiye na kwao. Nakuomba umpe mtu yeyote anayekuja huku aniletee samaki ng'onda wa kwetu, waliokauka vizuri, hata wachache. Sijui kama atawapokea. Na ikiwa unaona ni heri nihame, niandikie, sitabisha.

Nisalimie shemeji, na shangazi muuza maandazi, na mwalimu wetu wa chuoni kama bado anaona vizuri. Baba mdogo, fundi cherehani, mwambie tu kwamba kazi inaendelea na kwamba nimejifunza kitu. Kitu gani, usimwambie. Wanao wote wabusu kwa niaba yangu.

Sahani ya leo nimekwisha kuiosha. Iko hapa juu ya sanduku langu, nami sijaiweka nje bado.

Ndugu yako uliyemlea,
Rajabu