Neti ya Fundi na Kitunguu Saumu cha Bibi

Tarehe 6 Machi

Kwako Kasuku, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Una miguu wewe, au imeoza? Miaka miwili hujakanyaga hapa. Hata paka aliyetupwa mbali ndani ya gunia hurudi nyumbani siku ya tatu, wewe msomi mwenye viatu vya soli umepotea njia?

Haya, hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yananisema vibaya kila nikiinuka. Meno yaliyobaki yanakusalimu. Na usinijibu kwa shikamoo tupu, shikamoo ya kwenye karatasi haikumbatiki.

Kilichokufukuza nakijua. Siku ile sokoni ulisimama mbele ya meza yangu ukawaambia wateja, "Jamani, msimsikilize Bibi, hakuna chakula kinachofukuza mbu." Mbele za watu! Mimi ninayeitwa Bibi Saumu soko zima, niliyekulea kwa hivyo hivyo vitunguu saumu tangu mama yako alipotuachia wewe. Nikakuambia ondoka. Sikatai, nilikuambia. Lakini mtu akiambiwa ondoka na bibi yake huenda uani, hasira ikipoa akarudi kula. Haendi mji mwingine!

Anayeandika hapa ni Fundi, mshonaji niliyempangisha chumba cha mbele, hujamkuta. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikitukana ananipunguzia. (Sipunguzi, ni yeye ana haraka. — Fundi.) Ana mimba yake ya kwanza, ndio kwanza imeingia mwezi wake wa tano. Mumewe ni dereva wa malori, anaonekana kama mwezi mwandamo, ukipepesa macho hayupo. Basi mama yake ni mimi. Kila asubuhi namwekea punje tatu mbichi, azitafune nikiwa namtazama. Ananuka mpaka sindano inapinda! Mbu gani atamsogelea? Kliniki walimpa neti, akawa analalamika inamtia joto. Nikamwambia, hiyo ni ya watu wasio na bibi. Ameikata, ameshona makawa ya kufunikia chakula, mazuri kama kofia. Moja liko mezani kwangu sokoni, linazuia nzi wasitue kwenye vitunguu.

Nimekuandikia ili ujue mambo yangu yanakwenda bila ruhusa yako. Na uje umshike tumbo. Juzi alisema kuna kitu kimempekecha ndani, akaacha shati la watu bila mkono akaja kuniita.

Bibi yako

*

Tarehe 19 Machi

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo Bibi. Hii siyo tupu, imebeba kumbatio, lipokee hivyo hivyo mpaka nije. Magoti yachue kwa dawa ninayotuma pamoja na barua hii. Mimi ni mzima, macho tu yanachoka. Kutwa nzima nimeinamia darubini, natafuta malaria kwenye matone ya damu za watu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikicheka. Mara ya pili sikucheka.

Kwanza, naomba radhi ya siku ile. Kukusema mbele ya wateja wako ulikuwa utovu wa adabu, ningekuita pembeni. Lakini nililolisema, Bibi, siwezi kulimeza. Wako waliokula kitunguu saumu wakapimwa pamoja na wasiokula, na mbu waliwauma wote sawasawa. Ndizi, siki, pilipili, vidonge vya vitamini, vyote watu wanavisifia na hakuna kilichoonekana kufanya kazi. Mbu haulizi umekula nini. Anafuata pumzi unayotoa, joto la mwili wako na harufu ya jasho. Na mjamzito anapumua zaidi, tumbo lake lina joto zaidi. Kwa mbu, Fundi ni taa iliyowashwa.

Malaria ya mjamzito ina hila. Inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, mama asisikie hata homa, huku damu inapungua na mtoto anakosa chakula. Mimba ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Damu zao zinaletwa mezani kwangu, Bibi. Naziona.

Fundi, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea. Rudi kliniki uombe neti nyingine. Waambie ukweli, watakugombeza kisha watakupa. Na vile vidonge vya kuzuia malaria vimeze hapo hapo mbele ya nesi. Kitunguu saumu kile tu, kinapendeza kwenye mchuzi. Kisiwe mlinzi wako.

Mjukuu wako,
Kasuku

*

Tarehe 2 Aprili

Kwako mke mwenzangu mwenye darubini,

Hujambo? Huku wazima. Dawa ya magoti nimepaka, inanuka kuliko mimi.

Barua yako imesomwa. Fundi alipofika kwenye "taa iliyowashwa" alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza, "Umeogopa?" Akasema, "Bibi, wewe umelea watoto saba, yeye amelea darubini." Umesikia? Maneno yake hayo, sikumfundisha. (Nilisema kwa utani, dada. — Fundi.)

Kliniki anasema atakwenda, ila ana sare za wanafunzi za kumaliza na shule zinakaribia kufunguliwa. Pia anaona haya kuwaambia neti yao imekuwa makawa. Nimemwambia asihangaike, tumbo halijazwi na foleni.

Ila mimi si mtu wa kushindwa na karatasi. Nitapima mwenyewe. Mwenye Duka wa kona, yule kipara, hajawahi kutia kitunguu saumu mdomoni, anasema kinampa kiungulia. Basi mimi nitakula punje kumi, yeye asile kitu. Jua likianza kushuka tutakaa barazani kwake, yeye suruali kaikunja, mimi nguo nimeipandisha mpaka gotini, wapita njia na wacheke. Jioni tatu. Kila mbu anayetua tunampiga na kutia kokoto kwenye kopo, langu langu, lake lake. Matokeo utaletewa, na utakuja kuniomba radhi unatambaa.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Mzima? Na Fundi? Ukiacha barua bila jibu naona unanichelewesha kutambaa. Makopo yamesemaje? Na ungeniuliza kabla, ningekukataza kujitoa chakula cha mbu kwa ajili ya ubishi.

Kliniki amekwenda?

Mjukuu wako

*

Tarehe 14 Mei

Kwako Bibi,

Shikamoo Bibi. Sina jipya, ni mzima. Nimeandika tena kwa sababu hujawahi kunyamaza muda mrefu namna hii, hata siku uliponifukuza ulinifukuza kwa maneno mengi. Kama umekasirika, nitukane, nitafurahi. Fundi, kama yeye hataki, andika wewe mstari mmoja tu: una neti au huna?

Mjukuu wako

*

Tarehe 29 Mei

Kwako mjukuu wangu,

Hujambo mwanangu. Mimi natembea tu.

Umeuona mwandiko, si wa Fundi. Ni Mwenye Duka, anaandika kama kuku anayeparua, mvumilie. Fundi yuko hospitali, leo siku ya sita.

Nimezoea kusikia mguu wake kwenye cherehani tangu asubuhi. Siku hiyo nikasikia kimya. Nikadhani uzi umekatika. Kimya kikaendelea. Nikaingia, nikamkuta paji la uso liko juu ya kitambaa, mguu bado uko kwenye pedali. Ulimi mweupe, viganja vyeupe kama vilivyolowekwa. Wiki nzima alikuwa akisema amechoka, nami namwambia mimba si godoro, kila mtu huchoka nayo. Tulimpakia kwenye gari la mizigo la Mwenye Duka, juu ya magunia ya unga. Wamesema ni malaria na damu imekwisha. Wamemtia damu ya watu chupa mbili. Mtoto anacheza, lakini kidogo. Mumewe yuko njiani.

Kliniki hakwenda. Sare zilikwisha, zikaja nguo za harusi.

Sasa sikiliza habari ya makopo, na Mwenye Duka ni shahidi, anaandika huku anatikisa kichwa. Jioni ya kwanza kopo langu kokoto kumi na tisa, lake kumi na saba. Ya pili langu ishirini, lake ishirini na moja. Ya tatu hatukumaliza. Nilimwaga kokoto zangu mtaroni, nikamwambia ukifungua mdomo, sitakanyaga tena dukani kwako.

Hiyo ilikuwa kabla Aprili haijafika katikati. Nilirudi nyumbani, Fundi akaniuliza, "Bibi, nani kashinda?" Nikamwambia, "Wewe unauliza mshindi?" Akacheka. Asubuhi yake akafungua kinywa kama kinda, nikamwekea punje zake tatu.

Unauliza kwa nini sikukujibu. Ningekujibuje, Kasuku? Kalamu ilikuwa yake.

Niambie la kufanya. Usinifariji. Maneno matamu nayajua, ndiyo ninayouza.

Bibi yako

*

Tarehe 5 Juni

Kwako Bibi,

Shikamoo. Leo sikuulizi magoti.

Barua yako niliisomea kazini nimesimama, nikashindwa kuendelea na kazi. Ulisema nisikufariji, sikufariji. Ulijua ukanyamaza. Lakini hukuwa peke yako. Mimi nilijua neti imekatwa tangu mwezi wa tatu, nikatuma maneno. Neti zimejaa stoo hapa kazini, hatua thelathini kutoka kwenye kiti changu, nami nikakaa nikitunga barua nzuri, kwa kuwa nilitaka unisikilize mimi. Leo ndiyo nimetuma, kwa basi. Ziko mbili, moja yake na moja yako.

Mwambie Fundi habari ya makopo. Usimtume Mwenye Duka, wala usingoje nije mimi. Asipolijua hili, atatafuna punje zako tena kwa mimba nyingine, na atamwambia jirani yake naye atafune.

Nimeomba likizo. Mwezi ujao nakuja, usiponifukuza.

Mjukuu wako,
Kasuku

*

Tarehe 27 Juni

Kwako mjukuu wangu,

Hujambo mke mwenzangu. Nakuuliza kweli, si kwa mazoea. Mimi nakula, nalala, naamka.

Mtoto amekwenda. Alizaliwa tarehe tisa, kabla ya wakati wake, wa kike. Kichwa chake kilienea kiganjani mwangu na nafasi ikabaki. Alilia kidogo. Siku ya pili asubuhi akaacha. Baba yake alimwahi, alimbeba, halafu akaenda kumzika. Amesharudi barabarani, kazi haimngoji.

Fundi yuko nyumbani, na anayeandika ni yeye. Amekuja mwenyewe na kalamu, anasema barua zako zimelala bila jibu na mikono yake haijui kukaa bure. Cherehani hajaigusa. Nimemwambia, leo andika kila nitakachosema, usipunguze neno. Ameitikia.

Basi andika, Fundi.

Nilipima na Mwenye Duka, na makopo yakawa sawa. Punje kumi tumboni na mbu walininywa kama walivyomnywa yeye. Nilijua hivyo siku arobaini kabla hujaanguka kwenye cherehani. Uliniuliza nani kashinda, nikakudanganya nikikutazama machoni. Sikuwa na sababu nyingine. Soko zima linaniita kwa jina la kitunguu, nikaogopa kubaki kikongwe tu mwenye meza. Kwa hilo nikakuacha ulale bila neti, na neti nilikukatisha mimi. Sijakuomba unisamehe. Nimekuambia ujue.

(Nimeandika yote. — Fundi.)

Hapo aliinuka, akatoka. Doa hilo juu ya mstari ni la wino, anataka nikuambie hivyo. Alikaa uani mpaka maharage yakashika chini ya sufuria, na mimi sikuthubutu kutoka kuyaepua, maana jiko liko karibu na alipokaa. Amerudi, ameketi, ameshika kalamu. Amesema, "Endelea, Bibi." Namtazama, sijui ni kuendelea kupi.

Sokoni nimesema, meza kwa meza. Wengi wamecheka, wakasema Bibi amezeeka. Mhudumu wa mgahawa mwenye tumbo la miezi sita hakucheka. Aliniuliza tu kliniki wanafungua saa ngapi.

Neti zako zimefika. Yangu nimeifunga. Yake bado iko kwenye mfuko wake, hajaufungua, na mimi sina uso wa kuingia chumbani mwake nimeshika nyundo.

Kwa hiyo ukija, usije kwangu kwanza. Piga hodi mlango wa mbele. Akikukaribisha, kaa naye, na usiwe na haraka ya kusema, wewe unapenda kusema. Mfungie neti, ichomeke vizuri chini ya godoro pande zote. Ukimaliza, muulize yeye kama upite huku nyuma kwangu. Akisema hapana, nyanyua mkoba wako ukalale kwa Mwenye Duka, na kesho yake asubuhi urudi umuulize tena.

Bibi yako