Mjomba Niliyemcheka Uwanjani Ndiye wa Kuniposea

Mma Obonye mpendwa,

Nakuomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wazee wa kwetu wanakaa kikao na mimi sina la kuwajibu, na Jumatatu inayofuata ndiyo mwisho wa kurudisha fomu za kugombea udiwani hapa Gaborone, na hizo fomu ninazo kabatini, nimezijaza na kuzisaini, lakini mkono unakataa kuzipeleka.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kusherehesha harusi, na watu wa kata yetu walizoea kuniambia, "Mdomo huo unaupoteza kwenye harusi, upeleke barazani," nami nikawa nacheka tu, hadi mwaka jana mchumba wangu Gorata aliponyang'anywa mkoba kituoni kwenye giza, maana taa za barabara yetu zimekufa hata sikumbuki tangu lini, na mfereji ukijaa, maji ya mvua yanaingia jikoni kwa watu, basi nikasema nagombea. Shida ni kwamba diwani aliyepo ni Mjomba Mooketsi, kaka wa mama yangu, tumbo moja.

Sikuona ubaya, Mma, siasa ni siasa. Vijana wakaniandalia mkutano uwanjani, nikapewa kipaza sauti, na mimi nikishika kipaza sauti sijijui tena, nikasema, "Jamani, huyu mzee mkimtuma dukani mkate, atarudi mikono mitupu kuwaambia ameunda kamati ya mkate," watu wakaanguka kwa kicheko, nikaongeza, "Akitumwa harudi na kitu," uwanja mzima ukaitikia, na sasa watoto wanamwimbia akipita, "Rra, mzee wetu, umerudi na nini?"

Nilichosahau ni kwamba mwezi ujao naposa. Wewe unajua kuwa kwetu hakuna posa bila mjomba, ndiye anayetangulia alfajiri na koti lake hata kama kuna joto, ndiye anayeketi uani kwa wakwe na kuomba kibuyu cha maji, yaani binti, huku wenyewe wakijua vizuri kuwa hana kiu, na huyu huyu Mjomba Mooketsi ndiye aliyemposea kaka yangu Moagi, wakwe wakamzungusha msimu mzima, lakini akarudi na mke. Basi nikaenda kwake, nikamkuta anamenya karanga na mkewe.

"Mjomba, nimekuja kukuomba uniendee Kanye kwa kina Gorata."

"Aende nani?"

"Wewe, Mjomba."

"Mimi yupi? Yule wa kamati ya mkate?"

Mkewe akainuka akaenda kuchekea jikoni. Nikamwambia ule ulikuwa mzaha wa jukwaani. Akamenya karanga nyingine, akaila, akasema, "Nitakwenda, mpwa wangu. Koti liko tayari. Lakini Jumamosi, mbele ya wazee wote, utanijibu jambo moja tu. Mimi nikitumwa, narudi na kitu au sirudi?"

Sasa Mma, nikisema harudi, namtumaje mtu asiyerudi na kitu kwenda kuniposea, na nikisema anarudi, Jumatatu napeleka fomu za nini, maana maneno hayo yatakuwa yameenea kata nzima kabla chai haijapoa. Nilimwendea mdogo wake aliye machimboni Jwaneng, akasema hawezi kumpita kaka yake. Nikafikiria kumwomba mzee mmoja wa chama asimame kama mjomba wangu, Gorata akanikatalia, akasema, "Gombea ukitaka, lakini mimi siolewi na mjomba wa kuazima." Na kumbe shangazi yake alikuwepo uwanjani siku ile, alicheka mpaka akafuta machozi kwa shali, kisha akapanda basi kwenda Kanye kuwasimulia, na huko wanasema, "Mshenga wenu akitumwa harudi na kitu? Basi nasi tutamrudisha hivyo hivyo." Mama yangu amekataa kuingilia, anasema tu, "Mimi nilizaa mdomo, mtoto akafuata nyuma."

Niache udiwani nioe, au nigombee nibaki kapera?

Mgombea Aliyekwama, Gaborone

*

Mheshimiwa mtarajiwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na sioni haya kukwambia. Mara ya pili nilifika kwenye mkoba wa Gorata nikaacha kucheka, kwa hiyo nami nitaanzia hapo. Taa zimezimika kweli na mfereji unafurika kweli. Ukizificha fomu kabatini ili upate mke, utakuwa umemwoa Gorata na kumwacha kwenye giza lile lile alimoibiwa. Atakupikia, lakini hatasahau.

Sasa nikueleze kazi unayoiomba, kwa sababu naona hukuuliza. Diwani hawashi taa. Diwani hutumwa. Huenda kwenye ofisi ambayo si yake, hukaa kwenye benchi, huomba kwa adabu kitu anachokihitaji sana bila kuonyesha kuwa anakihitaji sana, huambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao hurudi akiwa na koti lile lile na adabu ile ile. Je, kazi hiyo hujaiona mahali? Ndiyo anayoifanya mjomba uani kwa wakwe. Wewe umesimama mbele ya uwanja mzima ukaicheka kazi yenyewe, kisha ukaenda kuchukua fomu za kuiomba. Mkate ulikuwa mzaha mzuri, sikatai. Ila mzaha wa mshereheshaji huisha wageni wakiondoka, na wapiga kura hawaondoki, wanakaa jirani na mjomba wako.

Na habari ya kuazima mjomba usiirudie hata kwa utani. Viti vya harusi ndivyo huazimwa. Mzee wa chama angeketi pale Kanye aulizwe mama yako alizaliwa wa ngapi, akaanza kutafuta jibu kwenye ilani.

Fanya hivi. Kabla ya Jumamosi, rudi uwanja ule ule, kwa watu wale wale, na kipaza sauti unachokipenda. Omba radhi kwa ajili ya mkate. Usiombe radhi kwa ajili ya taa. Sema kwa maneno machache kuwa ulimtukana mtu wakati ulikuwa na hoja, kisha ushuke. Najua kushuka ndiko kutakakokushinda, basi mpe rafiki yako kazi ya kukuvuta shati. Watoto wanaoimba njiani uwafuate mwenyewe uwanyamazishe. Wimbo ni wako.

Jumamosi, kaa chini mbele ya wazee wako, mama yako awepo, na mjomba akiuliza swali lake, usilikwepe. Amelitega kama mwanasiasa, nawe lijibu kama mpwa. Mwambie: "Mjomba, ulitumwa kumposea Moagi, wakakuzungusha msimu mzima, nawe hukuchoka, ukarudi na mke. Kwa hiyo ukitumwa unarudi na kitu. Ndiyo maana nakutuma Kanye. Na ndiyo maana nauliza, kwa nini ulipotumwa taa ulichoka?"

Swali hilo ni la heshima na lina meno, na jibu lake lina manufaa kwa kata nzima. Pengine atakwambia jambo kuhusu taa ambalo hulijui, na hapo utakuwa umejifunza kabla ya kuchaguliwa, jambo ambalo ni nadra. Pengine hatakuwa na jibu, na wazee wote watakuwa wameona. Kwa vyovyote, Jumatatu peleka fomu, na umwambie mjomba wewe mwenyewe kwa mdomo kabla hujaenda, asisikie kwa majirani. Mtu aliyeulizwa usoni anaweza bado kuvaa koti akuendee. Aliyechekwa mgongoni hawezi. Na kama huna ubavu wa kumwambia hayo mjomba mmoja mbele ya ndugu zako, kaa kwenye harusi, maana barazani watakutafuna.

Jambo la mwisho. Siku ya posa wewe huendi Kanye, unajua hilo. Utabaki nyumbani, bila kipaza sauti. Utakuwa umemtuma mtu kwa jambo unalolitaka kuliko yote, hujui anasemaje huko, hujui kama amesinzia au ameunda kamati, na huwezi kufanya lolote ila kutazama njia mpaka arudi. Kaa hivyo siku nzima, na ukae vizuri uone inavyouma. Sisi wapiga kura huwa tunakaa hivyo miaka mitano.

Mma Obonye