Simu ya Mama Ilivyopambwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Umri: miaka 41
Kazi: mwalimu wa udereva
Makazi: nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya matairi
Uhusiano na marehemu: binti yake, mtoto wa pili kati ya wawili

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande anayeandika ameniambia kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba laiti ningekuwa na uongo wa kufaa, ningeushikilia hadi mwisho.

Ninayemzungumzia ni mama yangu mzazi, aliyefariki Jumanne iliyopita, tarehe 14. Pia namzungumzia msichana wake wa kazi ambaye mmemweka mahabusu, leo siku ya tatu. Nyumbani tunamwita Dada. Hata Mama, aliyekuwa na miaka sabini na sita, alimwita Dada. Aliyemshtaki ni kaka yangu, na yuko hapo nje kwenye benchi. Hajui nimekuja kusema nini.

Mama alikuwa na presha ya macho. Aliona mwanga na giza, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, basi. Uso wangu aliutambua kwa sauti. Akikuambia umenenepa, ujue ameshakushika mkono. Hakupenda kuhurumiwa, na ukimwonyesha njia ndani ya nyumba yake alikuambia utangulie wewe, maana wewe ndiye mgeni.

Mwaka jana nilimnunulia simu janja. Alitaka kusikiliza jumbe za sauti za wenzake wa kwaya, na simu yake ya vitufe haikuwa na uwezo huo. Niliondoa kila kitu kwenye skrini ya mwanzo, nikabakiza njia nne za mkato, kubwa, kila moja kwenye kona yake. Kona ya chini kulia, pale kidole gumba kinapofika bila kuhangaika, ilikuwa yangu. Ukigusa tu, inanipigia. Chini kushoto ilikuwa ya Dada. Juu kulia ya kaka yangu. Juu kushoto jumbe za kwaya. Pembeni mwa kasha la simu nilidondosha matone ya rangi ya kucha, yakakauka yakawa vinundu, ili kidole kijue kilipo. Kwangu kinundu kimoja, kwa Dada viwili.

Tulifanya mazoezi kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu gia. Mwanafunzi anayetazama gia huyo bado hajajua kuendesha. Mama alijua kwa wiki moja tu. Nilimfundisha pia kwamba asiponisikia vizuri, abonyeze kitufe cha ubavuni cha kuongeza sauti. Naomba hilo liandikwe, maana nitalirudia.

Simu hiyo aliivaa shingoni ndani ya kifuko, hata akienda bafuni. Kila asubuhi kabla sijaanza somo la kwanza alinipigia kuniuliza kama wanafunzi wangu wameshanigongea gari.

Jumamosi tarehe 11 kaka yangu alikuja kumtembelea kutoka mji anaoishi. Kaka ni fundi wa fremu za picha. Ni mtu ambaye hawezi kuona ukuta mtupu akatulia. Nilikaa nao hadi jioni, nikaondoka. Yeye alibaki hadi Jumatatu mchana.

Jumatatu asubuhi Mama hakunipigia. Sikushtuka, nikajua ana mwanawe, wanapiga soga. Jioni nilimpigia mimi. Simu yake niliipanga ijipokee yenyewe baada ya mlio wa tatu. Akaniambia, "Kaka yako kanipambia simu, mwanangu. Anasema imependeza kweli kweli."

Nikamwambia, "Mwache apambe, ndiyo kazi yake." Tukacheka. Nilidhani amemnunulia kasha jipya.

Jumanne tarehe 14, saa tatu asubuhi, Dada alitoka kwenda kuchukua dawa za macho za Mama kwenye dirisha la dawa la hospitali. Ndiyo siku yake ya dawa kila mwezi. Foleni ya pale kila mtu anaijua, ukienda chukua kiti chako. Mimi nilikuwa barabarani na mwanafunzi, tunafanya mazoezi ya kupita mzunguko wa barabara. Simu yangu ilikuwa mbele yangu kwenye dashibodi. Mama nilimwekea mlio wake peke yake, na wanafunzi wangu wote wanaujua, wanajua ukilia tunasimama pembeni. Haukulia.

Saa sita kasoro Dada alirudi, akanipigia akipiga mayowe. Nilimwacha mwanafunzi kwenye kituo cha mafuta nikaendesha vile ninavyomkataza kila mwanafunzi. Mama alikuwa chini bafuni, nyonga imevunjika, na kichwa kimegonga ukingo wa sinki. Alikuwa anapumua lakini hasemi. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alifariki saa tisa alasiri. Daktari aliniambia damu ilivuja polepole ndani ya kichwa, na kwamba angeletwa mapema, asubuhi ileile, angekuwa na nafasi nzuri ya kupona. Alisema "nafasi nzuri" mara mbili, nadhani alitaka kuwa mkweli. Natamani asingekuwa.

Kaka alifika usiku kwa basi. Kwenye korido ya hospitali nilimpa simu ya Mama. Alipoiwasha, ikatokea picha yake, mkewe na watoto wao, imejaa nusu nzima ya juu ya skrini, na saa kubwa pembeni. Akakaa sakafuni. Akasema, "Alikuwa anatuangalia. Mama amekufa anatuangalia, mdogo wangu."

Alilia, kisha akatulia, na nikaona jambo hilo linamshikilia. Nami nilikuwa nimechoka mno kufikiri. Nilimwacha nalo.

Ndipo akafungua orodha ya simu zilizopigwa. Asubuhi ile hapakuwa na hata moja. Kaka akaniuliza, "Mtu anayepiga kwa kugusa mara moja, amekaa chini saa zote hizo, asipige?" Akajijibu mwenyewe kwamba Dada alimnyang'anya simu, akamwacha, kisha akamrudishia mkononi. Kesho yake alikuja hapa. Mimi sikuamini, lakini sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hana sauti kwenye msiba.

Jana, Alhamisi, baada ya mazishi, nilimwomba kaka anipe simu nisikilize jumbe za Mama. Nililala kwenye kitanda chake, kwenye mto wake. Bila kutazama, kidole changu kikaenda pale penye kinundu kimoja, chini kulia, kwenye kona yangu. Nikabonyeza. Ikafunguka kamera.

Niliketi. Nikarudi kwenye skrini ya mwanzo nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Juu kote ni wijeti ya picha, kile kidirisha kinachobadilisha picha chenyewe. Chini kushoto, penye vinundu viwili vya Dada, kuna kidirisha cha muziki chenye kitufe cha kuchezesha. Chini kulia kamera. Njia zangu nne za mkato zilikuwepo, hazikufutwa. Zilisogezwa ukurasa wa pili, zimepangwa vizuri kwenye mstari mmoja. Mtu mwenye macho angezifikia kwa kutelezesha kidole mara moja. Mama hakujua kwamba kuna ukurasa wa pili. Hakuwahi kuuhitaji.

Nikafungua picha zilizopigwa na kamera hiyo. Zipo nyingi za Jumanne asubuhi, za kwanza kabla ya saa nne. Vigae vya bafuni. Nywele zake za mvi. Sikio lake. Giza, halafu sikio tena. Kamera ikiwa wazi, kitufe cha kuongeza sauti ndicho kinachopiga picha. Mama alikuwa anaongeza sauti ili anisikie.

Ipo na video moja fupi, kwa sababu kitufe hicho ukikishikilia, simu inarekodi. Haionyeshi kitu, ni giza la sikio. Anasema hivi, na nimeomba afande ayaandike kama yalivyo: "Halo? Halo, mwanangu? Sikusikii. Niko chini, bafuni, nimeteleza. Halo?" Anavuta pumzi. Kisha anasema, "Haya, nadhani uko na mwanafunzi. Ukimaliza nipigie."

Simu ilikuwa mbele yangu kwenye dashibodi, afande. Nilikuwa ninamfundisha mtu kuzunguka mzunguko.

Jirani wa Mama, mshonaji wa pazia, aliniambia msibani kwamba asubuhi ile alisikia nyimbo za kwaya kutoka bafuni kwa Mama, zinacheza, zinazimwa, zinacheza tena, akasema moyoni leo bibi kaamka na furaha. Nilimshukuru. Sasa najua alikuwa Mama akimwita Dada.

Leo asubuhi niliruhusiwa kusema na Dada kwenye dirisha la mahabusu. Macho yamemvimba. Nilimuuliza kama alijua simu imebadilishwa. Akasema, "Jumatatu jioni Bibi aliniambia simu imekuwa ngeni mkononi. Nikamwambia nikupigie wewe, Aunti, uirudishe. Akanikataza."

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Alisema kaka amekaa nayo siku nzima, na amefurahi sana. Akasema, tukiirudisha atajisikia vibaya, mwache nitazoea."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia polisi hayo. Akasema Bibi alimkataza kumwambia mtu yeyote, na yeye hajawahi kumvunjia Bibi neno lake. Ndivyo alivyo. Mmemfungia mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo nasema hivi. Dada alikuwa kwenye foleni ya dawa. Karatasi yake ya dawa ina muhuri wenye saa, na picha za simu zina saa, mtalinganisha wenyewe. Hakumnyang'anya Mama kitu. Naomba atoke leo, si kesho.

Afande ameniuliza kama namlaumu kaka yangu kwa kifo hiki. Nimetafuta mtu wa kulaumu tangu jana usiku, sijampata. Kaka alimpambia mama yake simu kwa mapenzi. Alimwekea picha kubwa kwa sababu hakuwa radhi kukubali kwamba Mama haoni tena. Kila alipokuja alimwonyesha picha, na Mama alizigusa na kusema watoto wamekua. Alimdanganya kwa upole miaka yote, na mwanawe akaamini. Kosa gani hilo katika vitabu vyenu sijui.

Ninachojua ni kwamba kaka yangu amebakiwa na kitu kimoja tu kinachomsimamisha, kwamba Mama alikufa akiwatazama. Nami nimekuja hapa kumnyang'anya. Nikinyamaza, Dada anaoza ndani kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikisema, kaka ataisikia ile video, na hakuna fremu itakayoitosha. Nimesema. Sijisikii mwepesi hata kidogo, na anayesema ukweli unapunguza mzigo hajabeba kama huu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, sina la kuondoa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA MWANDISHI
Nimepokea simu ya marehemu kama kielelezo. Nimeziona picha na kuisikiliza video mbele ya shahidi. Saa za picha zinakubaliana na muhuri wa dirisha la dawa. Nimeelekeza mtuhumiwa aandaliwe kuachiwa leo hii.

Ilinipasa kumwita mlalamikaji ili ajulishwe matokeo. Shahidi ameomba amwambie yeye mwenyewe, nimekubali. Wakati naandika haya dirisha liko wazi, na ninamsikia mlalamikaji nje akimwonyesha askari wa zamu picha ya familia yake kwenye simu yake mwenyewe, akimweleza kuwa hiyo ndiyo picha ya mwisho mama yake kuiona. Shahidi naye anasikia. Amesimama mlangoni, ameshika kitasa. Bado hajatoka.