Nimepata Nilichokitafuta, Mume Wangu Anadhani Nimepata Mtu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla furaha haijanivunjia nyumba.

Mimi ni mwanafizikia, kazi yangu ni kutafuta chembe ndogo ambazo hazionekani hata kwa hadubini, tunazigonganisha kwa mashine kubwa iliyo chini ya ardhi halafu tunachunguza vipande vinavyoruka, na chembe moja nimeitafuta tangu nikiwa mwanafunzi, nimeolewa nikiitafuta, nimezaa mapacha nikiitafuta, mpaka wageni wakimuuliza mama mkwe nafanya kazi gani anawajibu, "Mkwe wangu kapoteza kitu huko kazini, bado hajakiona."

Mshauri, tumeiona! Kwetu kuna utaratibu kwamba jibu linafungiwa ndani ya kompyuta na hakuna ruhusa ya kulitazama mpaka wote turidhike na hesabu, maana ukilitamani jibu sana macho yatakudanganya, basi siku ya kulifungua tulijazana kwenye chumba cha mikutano, wengine wamekaa sakafuni, nikabonyeza mimi mwenyewe, mchoro ukatokea ukutani, na pale nilipoomba miaka yote patokee kilima cha kuonyesha kwamba chembe ipo, kilima kikatokea, kimesimama wima bila aibu. Mkuu wetu tunamwita Ngoja Kwanza kwa sababu hajawahi kuona matokeo akayaamini, safari hii alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Haya jamani, ndiyo hii," halafu akalia, na mimi nikalia, na fundi wetu wa mitambo ambaye halii hata akijibana kidole akatoka nje eti anatafuta bisibisi.

Sasa shida ni kwamba haturuhusiwi kumwambia mtu yeyote, hata wa nyumbani, mpaka siku ya kutangaza, kwa kuwa zamani tuliwahi kushangilia mapema, kumbe ni waya ulikuwa umelegea, tukaumbuka mbele ya dunia. Na mimi ndiye niliyechaguliwa kutangaza. Furaha siijui kuificha, naimba nikiosha vyombo, nimesuka upya, nimenunua viatu vya jukwaani nikavisukumia chini ya kitanda, simu ikiita natoka nayo nje. Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mpole, mtu anayepanda gari kila siku na watu wasiojua breki iko wapi, juzi akazima televisheni akaniuliza, "Mama Pacha, kuna mtu?" na mimi kazini tumezoeshwa kutosema uongo wala kusema zaidi ya kilichothibitishwa, nikamjibu, "Kuna jambo, ila siwezi kulisema mpaka wenzangu waridhike." Akauliza, "Wenzako wangapi?" Nikasema, "Mia nne."

Tangu hapo analala sebuleni. Nikisema, nimewasaliti wenzangu na huenda jukwaa nikanyang'anywa, nikinyamaza, sijui kama siku hiyo nitakuwa bado na mume. Nifanyeje?

Mama Pacha

*

Mama Pacha,

Hongera! Acha nianze na hapo, maana kwa barua yako hakuna aliyekupa hongera nyumbani. Chembe siijui na sitajifanya naijua, lakini mwanamke aliyetafuta kitu tangu usichana akakipata anastahili vigelegele, na mimi nilivipiga mpaka mhariri akachungulia mlangoni.

Wasomaji, barua hii niliifungia mezani mpaka tangazo litoke, ndiyo maana mnaisoma leo. Mwenyewe nilimpigia simu siku ileile barua ilipofika, na haya ndiyo niliyomwambia.

Mama, una akili nyingi lakini hapa ulinichosha. Siri unamficha mume, unaileta gazetini? Na mtu anakuuliza kama kuna mwanamume, unamtajia mia nne! Siku ya aibu ya ule waya, ulilia begani kwa nani? Hukuandika, lakini nabahatisha: ni kwa huyohuyo. Mume wako anakujua ukiwa umeshindwa. Amekupokea mlangoni umenuna miaka nenda rudi, akakupa chai, akakwambia kesho mtaiona. Ukiwa umeshinda hajawahi kukuona, kwa hiyo furaha yako aliiona imeingia nyumbani kwake bila kutambulishwa. Ulitaka afikiri nini? Machungu ulimgawia yote, utamu ukamnyima.

Wenzako walikukataza kutaja mlichokiona. Hawakukukataza kusema kwamba hakuna mwanamume. Kwa hiyo mkalishe mchana, watoto wakiwa shule, umwambie: "Hakuna mtu. Ni kazi, ni habari njema, ni siri mpaka tarehe hii, na siku hiyo nataka uwepo." Hapo funga mdomo. Usianze kuthibitisha thibitisha. Akitaka kukasirika kidogo, mwache akasirike, ana haki. Kisha nenda kwa mkuu wako ukaombe kiti cha mstari wa mbele, na akisema ngoja kwanza, usingoje.

Jana nilikuona kwenye televisheni. Ulisimama sawasawa, ukasema, "Tumeiona," na ule mchoro ukajaa ukutani nyuma yako. Maprofesa walikuwa bado wanatazamana. Mstari wa mbele mwanamume mmoja alishainuka, pacha mkono huu, pacha mkono ule, makofi hawezi kupiga, basi anapaza sauti tu, "Huyo! Huyo!" mpaka ukumbi mzima ukasimama. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Sasa sikiliza. Waandishi watakutafuta wiki nzima, na sisi tumo. Zima simu. Kaa na mume wako umsimulie tangu mwanzo, polepole, mpaka aelewe au mpaka asinzie, maana hiyo chembe na yeye ameingoja.