Nilimwacha Bibi Fundi Aote

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumatatu ya tarehe ishirini, maana nikifumba macho naona karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kila chumba sahihi yangu imekaa kwa raha zake kama vile haijamkosea mtu.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho, nimebakiza wiki sita tu kumaliza mafunzo kwa vitendo, nimepangiwa wodi ya wazee zamu ya mchana, na katika wodi hiyo kuna bibi mmoja wa kitanda cha dirishani ambaye sote tunamwita Bibi Fundi kwa sababu alishona nguo miaka hamsini, alivunjika nyonga ya kulia na sasa hawezi kujigeuza, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Asubuhi anajua kabisa yuko hospitali, anauliza kama daktari ameshapita, anawatania wahudumu kwamba mashuka yao yamepinda. Lakini mchana, baada ya chakula, jua likipita kwenye lile pazia la kijani na wodi nzima ikawa kama iko chini ya maji, Bibi Fundi anaondoka. Simaanishi anasinzia, macho yako wazi, ila yuko kwenye chumba chake cha kushonea, ana miaka thelathini, mlango uko wazi na wateja wamejaa kwenye benchi wanamsubiri.

"Shika pindo hapo, usivute," ananiambia, nami nashika ncha ya shuka.

"Nimeshika, Bibi."

"Bibi nani? Mimi na wewe nani mkubwa? Hebu niambie, mabega ya bibi harusi umeyapima?"

"Nimeyapima, dada."

"Ukikosea hapo tutaaibika mbele ya watu."

Mshauri, usinicheke, mimi nilikuwa naisikia ile cherehani. Vidole vyake vinasukuma blanketi taratibu, feni inazunguka juu yetu, vumbi linaelea kwenye mwanga, na mimi nimekaa pembeni na sare yangu nyeupe nikihisi kwamba nikitazama nyuma nitaona nguo ya harusi imetundikwa ukutani. Kwetu nyumbani ni kelele tupu, chuoni ni mitihani, na pale kwenye kitanda kile ndipo mahali pekee ambapo moyo wangu ulikuwa unatulia.

Sasa, darasani tumefundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro, uangalie ngozi, uweke tiki kwenye chati na utie sahihi, hayo nayajua kama ninavyojua jina langu. Siku ya kwanza nilimgeuza saa kumi kamili kama kitabu kinavyotaka, na ile ndoto ikakatika pale pale, akanitazama kama mwizi, akasema, "Wewe nani? Nguo za watu umepeleka wapi?" na akalia mpaka jioni. Nikajiapiza kwamba sitamfanyia hivyo tena. Kesho yake ilipofika saa kumi alikuwa amelalia ubavu wake wa kushoto, ule mzima, akitazama dirishani na kutabasamu, nikajiambia nitamgeuza baadaye kidogo, nikaweka tiki kabisa ili nisisahau, na baadaye kidogo ikawa saa kumi na mbili. Nikafanya hivyo siku tisa.

Na siyo kwamba sikuangalia ngozi, niliangalia, kitabu kinasema tafuta wekundu na mimi nikatafuta wekundu, lakini Bibi Fundi ni mweusi kama mimi, pale kwenye nyonga ya kushoto palikuwa pameiva weusi kidogo tu, nikasema ni kivuli cha pazia. Sikupagusa. Jumanne iliyopita asubuhi sista wa zamu akakuta ngozi imechanika, kidonda ukubwa wa kifungo cha koti, na Bibi Fundi ambaye huwa hanyamazi alikuwa amenyamaza.

Chati ikaletwa. Upande wangu, mchana, tiki zote zimejaa, safi. Upande wa asubuhi kuna chumba kimoja kitupu, saa nne, na pembeni mhudumu wa wodi ameandika kwa mkono wake, "Sikuwahi, nilikuwa peke yangu." Siku hiyo alikuwa na wagonjwa ishirini. Sista mkuu akaweka kidole kwenye kile chumba kitupu na kusema, "Basi tumempata," na mhudumu ameitwa mbele ya uongozi Jumatatu hiyo niliyokutajia. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kumwinua mgonjwa bila kuvunja mgongo wangu. Juzi tulikutana kwenye sinki, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, labda kweli ni mimi. Labda siku ile nilimchelewesha sana." Nikaendelea kunawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana.

Rafiki yangu tunayesoma naye anasema nifunge mdomo, eti mhudumu atapewa onyo tu lakini mimi nitafukuzwa kwa kughushi chati, na baba yangu ameshaanza kuwaambia majirani waniite sista. Nifanye nini? Na jambo la pili, ambalo naona haya hata kuuliza, je, nilikosea kumwacha aote? Maana alikuwa na furaha, mshauri, nakuapia alikuwa na furaha.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamu ya mchana

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilishika lile pindo pamoja nawe na nusura niisikie cherehani. Mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo kaa vizuri.

Kabla sijapewa safu hii nilifanya kazi wodini miaka thelathini na moja, kwa hiyo usidhani nakuhukumu kutoka kwenye kochi. Najua mchana wa wodi ya wazee ulivyo, jinsi unavyomlainisha mtu mpaka akasahau amekuja kufanya nini. Lakini tusidanganyane. Unasema ulimwacha kwa sababu alikuwa na furaha. Nusu ya furaha hiyo ilikuwa yako. Ulipata mahali pa kupumzika, na mahali penyewe palikuwa juu ya nyonga ya mwanamke asiyeweza kujigeuza. Yeye alikuwa kwenye chumba chake cha kushonea, lakini nyonga yake ilikuwa hapo kitandani, inabeba uzito saa nne mfululizo, siku tisa.

Kumwonea huruma mgonjwa si kosa. Kosa lako kubwa ni tiki. Ungeacha chumba kitupu, sista wa jioni angeona, angekuuliza, angemfunua bibi na kumtazama. Wewe ulijaza, kila aliyekuja baada yako akaamini kuna mkono umepita, na ndiyo maana hakuna aliyeangalia. Kile chumba kitupu cha mhudumu ndicho kitu cha kweli kuliko vyote kwenye karatasi ile, na ndicho kinachotaka kumfukuzisha kazi. Hilo likuume, na ninafurahi kuona limeanza kukuuma.

Leo unaposoma hapa ni Ijumaa tarehe kumi na saba. Usisubiri Jumatatu. Nenda leo, saa moja kabla ya zamu, mtafute mwalimu wako wa mafunzo na umwombe muingie wote kwa sista mkuu. Andika tarehe zote tisa kwenye karatasi, maana ukifika mbele yake ulimi utakuwa mzito. Sema "mimi", usiseme "sisi" wala "ilitokea". Sema kwanza, machozi baadaye. Kwenye chati usifute kitu. Piga mstari mmoja juu ya kila tiki ya uongo, isomeke bado, andika ukweli pembeni, weka tarehe na saa ya leo, tia sahihi. Watoto wa Bibi Fundi wakija kuelezwa, omba usimame hapo.

Ukitoka kwa sista mkuu, nenda moja kwa moja kwa mama wa kwenye sinki. Asisikie kwa watu. Usimpe hadithi ya pazia na feni, mwambie, "Ni mimi, na nilinyamaza ulipojilaumu." Akikukaripia, pokea. Akinyamaza, pokea pia.

Siwezi kukuahidi kwamba watakuachia. Huenda ukarudia mafunzo mwaka mzima, huenda wakakuondoa. Baba yako atakuwa na kazi ya kuwaeleza majirani, lakini hilo ni lake. Huyo rafiki yako anayekushauri ufunge mdomo, siku nikiumwa naomba asipangiwe wodi yangu. Na sista mkuu naye, kama anasoma hapa, na najua masista wakuu wanasoma kwa siri, ajiulize kwa nini mtu mmoja aliachiwa wagonjwa ishirini, halafu kidole kikaenda kwake tu.

Kuhusu wekundu wa kitabuni, hapo nakuonea huruma kidogo, maana hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipoiva weusi kuliko ngozi ya pembeni yake, kisha weka mgongo wa vidole: pana joto, au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Linganisha na nyonga ya pili. Muulize kama panauma. Ukiwa na wasiwasi, mwite mkubwa wako siku hiyo hiyo.

Sasa lile swali unaloona haya kuliuliza. Hapana, mwanangu, hukukosea kuingia kwenye ndoto yake. Wengine wanasimama miguuni pa kitanda na kupiga kelele, "Bibi, hapa ni hospitali!" mara kumi kwa siku, na hawaambulii kitu zaidi ya kumliza mzee. Wewe uliingia kwa adabu, ukashika pindo ulipoambiwa. Tatizo ni kwamba uliingia ukakaa kama mgeni. Ulitakiwa uingie na kazi yako mkononi.

Niliwahi kuwa na mzee mmoja aliyeendesha lori ujana wake wote. Kila tulipomgusa alitupiga ngumi. Siku moja mwenzangu akamwambia, "Dereva, mbele kuna kona, kulia." Mzee akakaza mikono kwenye usukani asiouona mtu na akalala upande mwenyewe, sisi kazi yetu ikawa kuweka mito. Tangu siku hiyo tulikata kona kila baada ya saa mbili, na wakati mwingine alitugombeza kwamba tumechelewa kupiga honi.

Kwa hiyo wakikuruhusu kurudi kwenye kitanda kile, na usiporuhusiwa wewe basi mwachie mwenzako maneno haya yaandikwe kwenye daftari la zamu, fanya hivi. Kaa pale anapokuona, usimtokee nyuma. Mwite kwa kazi yake. Mwambie, "Fundi, upande huu umekwisha, tugeuze." Mpe ncha ya shuka aishike yeye, maana fundi hapendi kazi yake ishikwe na mtu mwingine. Muwe wawili, mtumie shuka la kuhamishia, msimburute. Pole pole. Kidonda kile kisilaliwe hata kidogo mpaka kifunge. Ndipo uweke tiki, mkono wako ukiwa bado na joto la mgongo wake. Na siku akilia licha ya yote hayo, mfute machozi, mgeuze, uandike kwamba alilia.

Mimi nina miaka sabini na tatu. Juzi mchana binti yangu alinikuta kibarazani nikipanga, kwa mikono mitupu, trei ya dawa niliyoiacha wodini miaka mingi iliyopita. Alinitazama tu, akaenda kunichemshia chai. Kwa hiyo najua ninakoelekea. Siku nitakayolazwa kitanda cha dirishani, ukaja wewe na sare yako nyeupe ukanikuta natabasamu, usiniache hapo kwa kunihurumia. Niite sista. Niambie zamu inabadilika. Weka mkono nyongani, unigeuze.